Kuendesha Kisimbuzi kwa Simu Janja: Nani Ameshika Rimoti?

Mfano unaofungua somo hili umetungwa, lakini hautakuwa mgeni kwa msomaji anayeishi Mazimbu, katika Manispaa ya Morogoro. Mama mmoja mstaafu anaishi katika nyumba yake, si mbali na Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Vyumba vya uani amewapangisha wanafunzi. Mwanawe aliyeko Dar es Salaam amemnunulia kisimbuzi kipya ili asikose taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Fundi amekuja, amefunga dishi juu ya paa, picha imetokea, amelipwa ujira wake na kuondoka. Mwezi unapokwisha, mwana analipia kifurushi kwa simu yake. Picha hairudi. Anapiga simu kituo cha huduma kwa wateja na kuulizwa namba ya simu iliyosajiliwa pamoja na kisimbuzi hicho. Anataja yake, siyo. Anataja ya mama, siyo. Kisimbuzi kimesajiliwa kwa namba ya fundi, na fundi amekwishahamia mkoa mwingine.

Katika chumba cha tatu cha uani, wanafunzi wawili wana kisanduku kidogo chenye mfumo wa Android, walichokinunua kwa mpangaji aliyemaliza masomo na kuhama. Jioni moja wanakuta kwenye kioo cha televisheni programu ambazo hawakuziweka wao. Hakuna uchawi hapo. Akaunti ya aliyewauzia bado imo ndani ya kisanduku, naye huko aliko amepakua programu kwa ajili ya televisheni yake mpya na, kwa kutojua, akachagua ile ya zamani.

Matatizo haya mawili yana chanzo kimoja. Kwa miaka mingi, aliyeshika rimoti ndiye aliyeamua nini kitazamwe, na rimoti yenyewe haikuwahi kutoka sebuleni. Tangu simu janja ianze kufanya kazi ya rimoti, mwenye uamuzi ni yule ambaye namba yake ya simu au akaunti yake imeandikwa mahali fulani, hata kama hajakanyaga katika nyumba hiyo kwa mwaka mzima. Kwa hiyo, katika somo hili tutaeleza namna ya kufunga na kuendesha kisimbuzi kwa simu, lakini katika kila hatua tutauliza pia swali la pili: baada ya hatua hii, nani ameshika rimoti?

Kisimbuzi na njia tatu za kukifikia

Kisimbuzi, ambacho wengi mitaani bado hukiita king'amuzi, kiliingia katika nyumba nyingi za Watanzania kwa sababu ya kuhama kutoka analojia kwenda dijitali. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu, mapema kuliko ukomo wa tarehe 17 Juni 2015 uliowekwa katika makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 chini ya Shirika la Mawasiliano Duniani (ITU). Visimbuzi vya wakati ule vilipokea tu. Vya leo vingine vinapokea kwa dishi, vingine kwa antena, vingine kwa intaneti, na vipo vinavyochanganya.

Simu yako inaweza kukifikia kisimbuzi kwa njia tatu, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu makosa mengi hutokana na kuzichanganya. Ya kwanza ni mwanga: simu hukimulika kisimbuzi kama rimoti ya kawaida inavyofanya. Ya pili ni mtandao wa nyumbani: simu na kisimbuzi huwa katika Wi-Fi moja na kuongea humo. Ya tatu hupitia kwa mtoa huduma: simu hutuma ombi kwenye mitambo yake, nayo mitambo ndiyo inayokiamuru kisimbuzi. Ya kwanza hufika mwisho wa sebule. Ya pili hufika mwisho wa Wi-Fi. Ya tatu haina mpaka.

Kabla ya rimoti, dishi

Simu janja inaanza kukusaidia kabla hata kisimbuzi hakijawashwa. Simu nyingi zina dira na kipimo cha mwinamo, na programu za kupima uelekeo wa satelaiti hutumia vipimo hivyo pamoja na mahali ulipo. Kwa mtu aliye Mazimbu, satelaiti iliyo katika nyuzi 7 Mashariki, inayotumiwa na baadhi ya huduma zinazotazamwa nchini, iko upande wa magharibi, ikivutwa kidogo kuelekea kaskazini, katika kimo cha takriban nyuzi 53 kutoka usawa wa ardhi. Iliyo katika nyuzi 36 Mashariki iko karibu utosini, nyuzi 80 na ushee, ikiinama kidogo upande wa kaskazini. Mtumiaji akijua hilo anaweza kumuuliza fundi swali la maana anapoona dishi limeelekezwa Milima ya Uluguru, iliyo upande wa mashariki na kusini.

Mlima wenyewe si adui wa dishi kama inavyodhaniwa. Hata kwa mkazi wa Kinole au Matombo, ambaye milima iko magharibi kwake, kimo cha nyuzi 53 kwa kawaida hupita juu ya kilele. Kinachoziba mara nyingi ni mwembe wa jirani. Habari ni tofauti kwa anayetumia antena, kwa sababu mawimbi ya minara ya ardhini husafiri karibu na usawa wa ardhi, na kijiji kilicho nyuma ya mlima kinaweza kukosa kabisa mawimbi ambayo mtu wa mjini Morogoro anayapata kwa antena ya ndani. Ndiyo maana kabla ya kununua kisimbuzi cha antena kwa ajili ya mzazi aliyeko milimani, muulize kwanza jirani yake anapata nini. Swali hilo linaokoa fedha kuliko programu yoyote.

Tahadhari moja kuhusu dira ya simu: hudanganywa na chuma. Ukisimama juu ya bati, ukiwa umeegemea nguzo ya dishi, sindano itaelekea popote. Simama uwanjani, hatua kadhaa kutoka ukutani, chagua alama ya mbali, kama mti au kona ya nyumba, kisha mwelekeze aliye juu ya paa kwa alama hiyo.

Dishi likishafungwa, menyu ya kisimbuzi huonyesha vipimo viwili: nguvu ya mawimbi na ubora wake. Kinachotafutwa ni ubora. Nguvu inaweza kuwa juu wakati dishi linatazama satelaiti nyingine. Mwombe fundi aache ukurasa huo kwenye kioo, uupige picha kwa simu yako pamoja na tarehe. Masika yakifika na picha ikaanza kukatika, utakuwa na kipimo cha kulinganisha, badala ya kubishana na fundi kwa kumbukumbu.

Njia ya kwanza: simu kama rimoti ya mwanga

Rimoti ya kawaida ina taa ndogo inayotoa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Ukibonyeza kitufe, taa hiyo huwaka na kuzima kwa kasi ya takriban mara 38,000 kwa sekunde, katika mpangilio unaotafsiriwa na kisimbuzi kuwa amri. Unaweza kuuona mwanga huo: washa kamera ya simu, hasa ile ya mbele, ielekeze rimoti kwenye kamera na ubonyeze kitufe. Ukiona nukta ya zambarau au nyeupe ikimetameta, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye kisimbuzi. Usipoona kitu, badilisha betri kabla ya kununua rimoti nyingine.

Baadhi ya simu zina taa ya namna hiyo, mara nyingi ikiwa ni nukta nyeusi kwenye ukingo wa juu. Kwa simu hizo kazi ni rahisi: fungua programu ya rimoti iliyokuja na simu, chagua aina ya kifaa, chagua mtengenezaji, kisha jaribu kitufe cha kuzima. Kisimbuzi kisipoitika, programu itakupa mpangilio mwingine wa kujaribu. Haihitaji intaneti baada ya hapo wala akaunti. Kwa swali letu la msingi, hii ndiyo njia salama kuliko zote: mwanga haupiti ukutani, na mtu aliyetoka chumbani ameiacha mamlaka yake mlangoni.

Simu isiyo na taa hiyo haiwezi kuipata kwa kupakua programu. Jambo hili lingeonekana halihitaji kusemwa, lakini mwandishi wa somo hili, alipokuwa mwanafunzi, alitumia siku nzima ya Jumamosi akipakua programu moja baada ya nyingine zilizoahidi kuigeuza simu yake kuwa rimoti ya kila kifaa. Alichopata ni matangazo ya biashara na simu iliyojaa. Hasara yake ilikuwa ndogo. Kuna watu waliopata kubwa zaidi, na sababu yake ni ruhusa.

Programu ya rimoti ikiomba ruhusa ya kutambua vifaa vilivyo karibu, ina hoja. Ikiomba kipaza sauti, ina hoja iwapo unataka kutafuta vipindi kwa kutamka. Ikiomba kusoma ujumbe mfupi wa maneno, haina hoja yoyote, kwa kuwa kubadili chaneli hakuhusiani na ujumbe wako. Huko ndiko zinakofikia namba za uthibitisho za benki na za huduma za fedha kwa simu. Vivyo hivyo kwa programu inayokutaka uiruhusu katika mipangilio ya ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, kwani ruhusa hiyo inaweza kuiwezesha kusoma kila kinachoonekana kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako. Ikatae, kisha iondoe programu yenyewe. Pakua programu kutoka katika duka rasmi la simu yako tu, na uangalie jina la mchapishaji liwe la mtengenezaji wa kifaa au la mtoa huduma wako.

Njia ya pili: mtandao wa nyumbani

Visanduku vya Android na televisheni janja huendeshwa kwa njia hii. Mahitaji ni mawili: kifaa na simu viwe katika Wi-Fi moja, na viwe vimeoanishwa. Kwa vifaa vinavyotumia mfumo wa Google, fungua programu ya Google TV kwenye simu, gusa alama ya rimoti, subiri jina la kifaa chako litokee, kisha ulichague. Msimbo wa herufi na tarakimu sita utaonekana kwenye kioo cha televisheni. Uandike kwenye simu. Kuanzia hapo simu ina vitufe vyote, na zaidi ya hayo ina kibodi, jambo ambalo kila aliyewahi kuandika neno la siri la Wi-Fi kwa mishale ya rimoti atalishukuru.

Msimbo ule unastahili maelezo. Kazi yake ni kuthibitisha kwamba anayeomba kuoanishwa anaiona televisheni kwa macho yake. Jirani aliye katika Wi-Fi yako anaweza kukiona kifaa chako kwenye orodha, lakini hauoni msimbo, kwa hiyo hawezi kuingia. Ulinzi huo ni mzuri, ila hufanya kazi mara moja tu. Simu ikishaoanishwa haiulizwi tena. Mgeni aliyekuja sikukuu, akaoanisha simu yake ili awachezee watoto katuni, atakapofika tena na simu yake kuikumbuka Wi-Fi yako, bado ana rimoti mfukoni.

Hapa Mazimbu, nyumba nyingi za kupanga hazina ruta. Wi-Fi hutoka kwenye simu ya mtu mmoja kwa njia ya hotspoti. Inawezekana kuendesha kisanduku kwa njia hiyo, lakini baadhi ya simu haziwezi kuwa hotspoti na rimoti kwa wakati mmoja. Zikikataa, tumia simu ya pili iliyojiunga na hotspoti hiyohiyo. Wi-Fi ya chuo au ya hosteli ni shida nyingine. Mitandao ya namna hiyo kwa kawaida huvizuia vifaa kuonana, na mara nyingi humtaka mtumiaji ajaze ukurasa wa kuingilia ambao kisanduku hakiwezi kuufungua. Mwanafunzi anayehangaika na hilo asidhani kisanduku chake ni kibovu. Vilevile, visanduku vya bei nafuu vingi vinatambua masafa ya GHz 2.4 peke yake. Kama hotspoti au ruta yako imewekwa kwenye GHz 5, jina lake halitaonekana kabisa.

Kuhusu bando, amri za rimoti hazili kitu. Kinachokula ni picha: takriban GB 1 kwa saa kwa ubora wa kawaida, na hadi GB 3 kwa saa kwa ubora wa juu. Kisanduku pia hupakua masasisho bila kukuarifu. Kabla ya kukiunganisha na hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya simu inayotoa hotspoti na uweke kikomo cha matumizi, kisha ushushe ubora wa picha katika programu unayotazamia.

Jambo la pembeni lenye faida: kama kisimbuzi kimeunganishwa na televisheni kwa kebo ya HDMI, vifaa vingi vina uwezo wa kuamrishana kupitia kebo hiyo, ili ukizima kimoja na kingine kizime. Uwezo huo huitwa CEC, na lazima uwashwe katika mipangilio ya vifaa vyote viwili. Watengenezaji huupa majina yao wenyewe, kwa hiyo utafute chini ya mipangilio ya HDMI.

Sasa turudi kwa wanafunzi wa chumba cha tatu. Kisanduku cha Android hakiwi mali yako kwa kulipa fedha na kukibeba. Kinakuwa chako akaunti ya aliyekuuzia ikishatoka. Ikibaki, yeye anaweza kukuwekea programu kutoka mbali, na historia ya unachotazama huingia katika akaunti yake. Hatari iko upande wake pia: kama aliwahi kuhifadhi kadi ya benki katika akaunti hiyo, anayeshika rimoti chumbani anaweza kununua filamu kwa fedha zake. Dawa ni kurejesha mipangilio ya kiwandani. Ingia kwenye mipangilio ya mfumo, chagua kurejesha, subiri kisanduku kizime na kuwaka, na usitoe fedha mpaka ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha uonekane. Muuzaji anayekataa kufanya hivyo mbele yako ana sababu yake, na sababu hiyo haikuhusu. Nenda kwa mwingine.

Njia ya tatu: amri inayopita angani

Visimbuzi vingi vya kulipia vilivyopo majumbani vinatumia njia hii, na ndiyo isiyoeleweka zaidi. Mtumiaji anafungua programu ya mtoa huduma au menyu ya huduma za fedha kwa simu, anaandika namba ya kisimbuzi au ya kadi, analipa, kisha anakitazama kisimbuzi kana kwamba simu imekigusa. Haijakigusa. Ombi lake limekwenda kwenye mitambo ya mtoa huduma, mitambo imetayarisha ujumbe wa idhini wenye namba ya kadi yake, ujumbe umepandishwa kwenye satelaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, nao umeshuka juu ya kila dishi linaloitazama satelaiti hiyo, kuanzia Mazimbu hadi kwingine. Visimbuzi vyote vinaupokea, na kimoja tu, chenye namba hiyo, kinautii.

Ukiielewa safari hiyo, maswali mengi hujijibu. Kwa nini nimelipa na picha hairudi? Pengine kisimbuzi kilikuwa kimezimwa ujumbe ulipopita, au dishi lilikuwa limesogea. Kiwashe, kiweke kwenye chaneli iliyo ndani ya kifurushi ulicholipia, na ukiache hadi nusu saa. Kisha, kama bado, omba kwa simu idhini itumwe upya, kisimbuzi kikiwa kinawaka. Kwa nini mtoa huduma ananiuliza ninachoona kwenye kioo, kana kwamba yeye hajui? Hajui kweli. Njia ya satelaiti ni ya upande mmoja: mitambo inasema, kisimbuzi kinasikia, lakini hakina namna ya kujibu. Wewe ndiye macho yake, kwa hiyo msomee namba ya kosa kama ilivyoandikwa.

Kwa nini basi mwana wa yule mama alilipa bila mafanikio, na asisaidiwe? Kwa sababu kulipia na kumiliki ni mambo mawili. Mtu yeyote mwenye namba ya kadi anaweza kuilipia; hakuna mtoa huduma anayekataa fedha. Lakini kubadili kifurushi, kuhamisha salio lililolipwa kwenye namba iliyokosewa, kuweka namba ya siri ya kuzuia chaneli zisizowafaa watoto, au kuomba idhini upya kupitia programu, hutaka uthibitisho, na uthibitisho hutumwa kwa namba ya simu iliyosajiliwa. Namba hiyo ikiwa ya fundi, fundi ndiye mteja. Mara nyingi hafanyi hivyo kwa hila. Amechoka, jua linazama, mama hakumbuki namba yake kwa kichwa, naye anaandika ya kwake ili amalize kazi.

Kwa hiyo, siku ya kufunga kisimbuzi, kabla fundi hajashuka ngazi, mmiliki ahakikishe ujumbe wa kukaribishwa umeingia kwenye simu yake mwenyewe. Usipoingia, kazi haijaisha na ujira usubiri. Ipige picha namba ya kadi na ile iliyo chini ya kisimbuzi, kwa kuwa siku ya shida utaihitaji na maandishi yake ni madogo. Picha hiyo ibaki kwenye simu yako. Haina kazi katika kundi la mtaa. Na fundi au wakala akikuomba alama ya kidole, fahamu kwamba alama hiyo hutumika kusajili laini za simu. Piga *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha Taifa.

Aliyekwishakosea anaweza kusahihisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kutaka zirekebishwe zinapokuwa na makosa. Mama aende kwenye duka la mtoa huduma akiwa na kitambulisho, risiti ya ununuzi na kisimbuzi chenyewe au picha ya namba zake, aombe usajili uhamishiwe kwake, na asiondoke bila namba ya kumbukumbu ya ombi. Asiposikilizwa, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma kwa maandishi. Jibu lisiporidhisha, huletwa kwa Mamlaka yakiwa na namba ile ya kumbukumbu. Malalamiko mengi tunayoshindwa kuyashughulikia kwa haraka ni yale ambayo mlalamikaji ana hakika alipiga simu, ila hana siku, saa wala namba.

Njia hii ya tatu ndiyo pia inayopendwa na matapeli, kwa kuwa mtu aliyezoea kupokea ujumbe kuhusu kisimbuzi chake hashtuki akipokea mwingine. Mpigaji hujitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, husema kisimbuzi kitafungwa usiku huo, kisha huomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi. Mara nyingi namba hiyo haihusiani na televisheni hata kidogo. Ni ya akaunti yako ya fedha anayojaribu kuifungua wakati mnaongea. Mtoa huduma wa kweli hukutumia namba ya uthibitisho ili uiandike wewe katika programu yake. Haombi umsomee mtu. Kata simu. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040.

Kugawana kazi katika nyumba ya mama

Wasomaji wengi wa kijitabu hiki wana mzazi kama yule wa mfano wetu: anatazama yeye, analipa mtoto aliye mbali, na simu aliyo nayo ni kitochi isiyoweza kuweka programu. Ushauri wa haraka unaotolewa madukani ni kumsajili mtoto, kwa kuwa ndiye mwenye simu janja. Sisi tunaona vinginevyo. Kitochi hakifungui programu, lakini hupokea ujumbe mfupi kama simu yoyote. Namba ya mama isajiliwe kama ya mmiliki. Programu iwekwe kwenye simu ya mwana. Kila mwana atakapotaka kubadili jambo kubwa, namba ya uthibitisho itaingia kwa mama, naye mama atampigia mwanawe kwa namba anayoijua, asikie sauti yake, aulize anabadili nini na kwa nini, ndipo amsomee. Mtu mwingine yeyote atakayepiga kuiomba, mama amwambie asubiri.

Wale wanafunzi wa uani, wakiombwa kusaidia kuunganisha chochote sebuleni, waoanishe simu mbele ya mama na kuondoa wakimaliza. Na rimoti ya asili isitupwe wala isifungiwe kabatini. Iwekwe mahali ilipokuwa, ikiwa na betri mbili nzima, kwa sababu simu ya mwana iko Dar es Salaam, na kipaza sauti cha televisheni kinapopigiwa kelele na jirani usiku wa manane, kinachotakiwa ni kitufe kimoja karibu na mkono wa mama.